Kabla Mawe ya Mipaka Hayajafika

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama mjini Mpanda)



Jambo lililotukusanya leo ni ardhi, na hasa ile ardhi ambayo hailimwi wala haijengwi, bali huchunguzwa. Twajua wako watakaouliza: chama kina kazi gani na sokwe wa porini? Swali hilo ni la haki, nasi tutalijibu.

Katika Wilaya yetu ya Tanganyika, huku Katavi, liko bonde liitwalo Issa. Tangu mwaka 2005 pana kambi ya utafiti mahali hapo. Si jumba la ghorofa. Ni kambi ya porini. Alfajiri, kabla jua halijatoka, watu huondoka kwenda kuwafuata sokwe, nao hawarudi mpaka sokwe wamejitandikia vitanda vyao vya majani juu ya miti. Waliouanzisha utafiti huo ni wataalamu wa vyuo vya ng'ambo, lakini miongoni mwa wanaozijua njia za bonde hilo, na kuandika kila wanachokiona, wamo vijana wa Tanzania.

Sokwe wa Issa wana jambo lao. Wale wa Gombe, walioanza kuchunguzwa mwaka 1960, na wale wa Mahale, walioanza kuchunguzwa mwaka 1965, wanaishi kwenye misitu karibu na ziwa. Hawa wa Issa wanaishi katika miombo yenye jua kali na nyasi ndefu, na misitu minene iko kandokando ya vijito tu. Nchi ya namna hiyo ndiyo inayofanana na ile waliyoishi mababu wa mababu wa binadamu. Kwa miaka mingi wasomi wa dunia walifundisha kwamba misitu ilipopungua, viumbe wale walishuka chini, na huko chini wakajifunza kusimama kwa miguu miwili. Mwezi wa Desemba mwaka 2022 matokeo ya utafiti wa Issa yalichapishwa. Ilionekana kwamba sokwe hawa, ingawa miti yao ni michache, hukaa juu ya miti kwa muda unaolingana na wa sokwe wa misituni. Na mara nyingi waliposimama kwa miguu miwili walisimama juu ya miti, wala si chini.

Fikirini basi, ndugu zetu. Somo lililofundishwa katika vyuo vikuu vya dunia limetiwa shaka kutokana na yaliyoonekana katika bonde la Katavi. Je, hiyo si mali? Lakini mali hiyo haihamishiki. Miti ya bonde lile ikikatwa, hakuna pesa itakayonunua bonde jingine na miaka mingine kama ile ya kulichunguza.

Sasa tuseme habari ya hatari yenyewe. Huko Karema, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, Serikali imejenga bandari kwa zaidi ya shilingi bilioni 47. Kazi ilianza mwaka 2019, ikamalizika mwaka 2022. Ng'ambo ya ziwa iko Kalemie na biashara yote ya Kongo. Sisi twaiunga mkono bandari hiyo. Mkulima wa mpunga na mfugaji wa nyuki wanahitaji soko, na mtu wa Katavi amechoka kuambiwa kwamba anaishi pembeni mwa nchi.

Lakini twajua pia kwamba bandari haiji peke yake. Lami ikitajwa tu, dalali huwa amekwisha kufika. Wavuvi wengi wa pwani ya bahari, tokea Dar es Salaam mpaka Unguja, wameliona jambo hili: mahali palipokuwa na njia ya kwenda majini leo pana ukuta na geti. Mwenye shamba la ufukoni huuza kwa pesa zinazoonekana nyingi, na kabla mwaka haujaisha zimekwisha. Anakwenda wapi? Anachukua shoka na kuingia msituni. Ndivyo kiwanja kinachouzwa ziwani kinavyoukata mti ulio mbali na ziwa. Nyuma ya shoka huja mkaa, huja wapasua mbao wanaotafuta mninga na mkurungu, huja mitego ya nyaya. Mawe ya mipaka huja mwisho, wakati hakuna tena cha kuhifadhi.

Wako wanaosema, hao watafiti ni wageni, tuna deni gani kwao? Tusilikwepe neno hili. Mwaka 1879 Wabelgiji walifika Karema wakajenga kituo kwa jina la elimu na ukarimu. Chama kilichowatuma kilikuwa chini ya Mfalme Leopold, na dunia nzima inajua elimu ile ilizaa nini huko Kongo. Mwaka 1885 kituo kile walikabidhiwa mapadre wa White Fathers. Watu wa Karema hawakuitwa mkutanoni kuulizwa. Na hapa Mpanda, reli kutoka Kaliua ililetwa mwaka 1950 kwa ajili ya madini ya risasi. Mwaka 1960 mgodi ukafungwa. Walichukua walichokitaka, tukaachiwa mashimo.

Tofauti ya leo ni hii: mtafiti sasa huomba kibali kwa Serikali yetu wenyewe, na ardhi iko mikononi mwetu. Kwa hiyo twaweza kuilinda kambi na papo hapo kuidai haki yetu. Twataka yanayojulikana Issa yasomwe kwa Kiswahili katika shule za Mpanda, Mishamo na Mwese. Twataka vijana wanaowafuata sokwe leo wasomeshwe, ili kesho wao ndio wawe wakuu wa utafiti. Hilo ni dai la mwenye nyumba. Lakini mwenye nyumba hadai kodi huku akiibomoa nyumba.

Wala tusidhani kwamba msitu ni wa sokwe peke yao. Mto Katuma unatoka katika vilima vyetu, unapita Hifadhi ya Taifa ya Katavi na kuelekea Ziwa Rukwa. Viboko wanaosongamana katika madimbwi ya tope wakati wa kiangazi wametuonyesha maji yanavyopungua. Maji ya Ugalla nayo huingia Malagarasi na kufika Ziwa Tanganyika. Anayekata miti vyanzoni hukausha shamba la mwenzake.

Na kama mtu anataka hesabu ya pesa, atazame msitu wa Ntakata, katika wilaya hii hii ya Tanganyika. Vijiji vinane vilikubaliana kuutunza, navyo hulipwa kwa hewa ya ukaa ambayo miti ile inaizuia isiingie angani. Pesa hizo zimejenga madarasa na zahanati. Mgodi ulifungwa baada ya miaka kumi. Msitu ukitunzwa haufungwi.

Basi tufanye nini? Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, inasema wazi kwamba halmashauri ya kijiji haina ruhusa kugawa ardhi pasipo idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Mkutano mkuu ni ninyi, si mwenyekiti na wajumbe wawili chini ya mwembe. Kila kijiji, kuanzia kule ziwani mpaka pembezoni mwa misitu ya Tongwe, kiandike mpango wake wa matumizi ya ardhi sasa: hapa tutalima, hapa tutalisha, hapa tutajenga, na hapa shoka lisiingie. Ndugu zetu wa Mishamo, waliokuja wakiwa wakimbizi kutoka Burundi na leo wengi wao ni raia wenzetu, washirikishwe kama sisi sote, maana wanajua uchungu wa kukosa ardhi.

Atakayekuja na karatasi ya kutiwa sahihi usiku, mwambieni arudi mchana, mbele ya mkutano. Akina mama, msikae kimya siku hiyo. Kuni na maji ninyi ndio mnaovifuata, na mkutano usiosikia sauti zenu haujatimia. Na ninyi vijana, msiiuze kwa bei ya pikipiki ardhi ambayo wajukuu wenu wataiulizia.

Bandari tumeipata. Barabara tunaitaka. Tusikubali kuambiwa kwamba ili kuvipata hivyo hatuna budi kupoteza msitu na elimu iliyomo. Nendeni vijijini, ndugu zetu, mkaitishe mikutano, na muhtasari uandikwe vizuri, kwa wino, na majina ya waliohudhuria.