Kunyoosha Leva ya Pikipiki Iliyopinda
(Mazungumzo kwa wapanda pikipiki wa Runyenjes, Embu)



Leo nataka kuzungumza nanyi habari za kitu kidogo sana, ambacho hata hivyo chaweza kuokoa maisha ya mtu au kuyapoteza. Kitu hicho ni leva ya pikipiki: ile ya kulia ifungayo breki ya gurudumu la mbele, na ile ya kushoto ya klachi.

Mnajua wenyewe jinsi pikipiki zilivyoenea. Jina la bodaboda lilizaliwa mpakani mwa Kenya na Uganda, ambako abiria walikuwa wakivushwa kwa baiskeli. Kisha mwaka 2008 Serikali ya Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani juu ya pikipiki ndogo, na vijana wengi wakapata kazi. Leo hapa Runyenjes, mpaka Kanja na Kathageri, na katika vijia vya mashamba ya kahawa na chai, ni pikipiki zichukuazo wanafunzi, wagonjwa na magunia. Lakini udongo wetu mwekundu huteleza mno wakati wa mvua, na pikipiki ikianguka ubavu, aghalabu ncha ya leva ndiyo igongayo ardhi kwanza. Basi leva hupinda, na mwenyewe huchukua nyundo akaigonga pale pale. Jambo hili ndilo nililokuja kuwakataza.

Leva nyingi zimetengenezwa kwa alumini iliyoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu. Alumini ni nyepesi, wala haili kutu kama chuma, lakini haina uvumilivu wa chuma. Chukueni waya wa uzio, mkaukunja huku na huku mara kadhaa: mwisho wake utakatika. Leva nayo ni vivyo hivyo, tena yenyewe hukatika upesi zaidi.

Kwa hiyo, kabla ya kufanya lolote, tazameni kama leva yafaa kunyooshwa. Iliyopinda kidogo tu yafaa. Iliyokunjika sana, au iliyopinda karibu na tundu la bolti yake, au iliyokwisha kunyooshwa siku za nyuma, haifai. Ili kutafuta ufa, ipakeni mafuta ya taa, mngoje robo saa, mwifute mpaka ikauke, kisha mwipake chaki. Penye ufa, mafuta yatatoka na kuchora mstari juu ya chaki. Mkiuona mstari huo, itupeni leva hiyo. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa wa leva hauzibiki.

Ikiwa ni nzima, fuateni taratibu hii.

La kwanza, ifungueni kabisa kutoka kwenye pikipiki: legezeni waya, fungueni nati na bolti, mwitoe. Kamwe msiwashe moto karibu na tangi la petroli, wala karibu na kikopo cha mafuta ya breki.

La pili, paka sabuni ya kufulia mahali palipopinda, kisha papashe moto wa gesi polepole, ukiusogeza mwali huku na huku. Sabuni itageuka rangi, na ikiwa nyeusi, ondoa moto mara moja. Sabuni yatufaa kwa sababu alumini haituonyi: chuma huwa chekundu kabla ya kuyeyuka, lakini alumini huyeyuka kwa joto la digrii 660 za Selsiasi bila kuonyesha wekundu. Ndiyo sababu makaa yanayofukutwa ni hatari kwa kazi hii; leva yaweza kukuyeyukia ghafula.

La tatu, ibane kwenye jiliwa kati ya vipande viwili vya ubao, uvae glavu nene, uivute kidogo kidogo kwa upande mmoja tu. Samaki mkunje angali mbichi, na leva inyooshe ingali na moto. Ikipoa kabla hujamaliza, ipashe tena. Usiirudishe huku na huku kutafuta unyoofu kamili. Ikikaa vizuri katika vidole, yatosha.

La nne, iache ipoe yenyewe, kisha rudia kuipima kwa mafuta ya taa na chaki. Ukiirudisha mahali pake, hakikisha yarudi yenyewe ukiiachilia, na ukiikaza sana haigusi usukani. Leva ya waya icheze milimeta 10 mpaka 20 kwenye ncha kabla ya kuanza kuvuta. Ijaribu kwanza uwanjani, bila abiria.

Sasa nawaomba mnisikilize vizuri. Alumini iliyopashwa moto huwa laini kuliko zamani. Leva ya klachi iliyonyooshwa yaweza kukutumikia muda, ikikatika, utasumbuka. Lakini ya breki iliyonyooshwa ni ya kukufikisha dukani kununua mpya, si ya kubebea abiria. Fikirini mteremko wa kwenda mto Thuci, katika barabara ya Chuka. Breki zikishikwa, uzito hukimbilia mbele, na breki ya mbele ndiyo ifanyayo sehemu kubwa ya kazi. Leva ikikatika pale, mpanda pikipiki amebaki na breki ya nyuma peke yake, na mtoto wa mwenzake yuko mgongoni mwake.

Mwisho, kinga ni bora kuliko tiba. Mwambieni fundi asikaze mno kishikizo cha leva kwenye usukani. Kikazwe kiasi cha kutotikisika katika kazi, lakini pikipiki ikianguka kiweze kuzunguka, na leva isalimike. Tena wekeni akiba ya leva moja ya breki chini ya kiti. Bei yake si kubwa, na haiwezi kulinganishwa na gharama ya hospitali, wala ya mazishi.

 Safarini salama.