Mtambue Mdudu Kabla ya Kununua Dawa



Mvua zikianza tu, wauza dawa za wadudu hupata wateja. Mama ameona vidudu asivyovijua vikipita ukutani, baba anatumwa dukani, na jioni nyumba nzima inanuka dawa, watoto wanakohoa. Ukiuliza ni mdudu gani aliyeuawa, utajibiwa: "Wadudu tu."

Hapo ndipo fedha zinapopotea. Mdudu usiyemjua, kwanza mwangalie.

Mkamate mmoja, mweke juu ya karatasi nyeupe. Tazama kiuno. Sisimizi wa aina yoyote ana kiuno chembamba kana kwamba kimekazwa kwa uzi, na vipapasio vyake vya kichwani vimejikunja kama kiwiko. Mchwa hana kiuno, na vipapasio vyake vimenyooka mfano wa shanga zilizotungwa. Akiwa na mabawa, ya sisimizi ni marefu mbele na mafupi nyuma. Ya kumbikumbi, ambaye ni mchwa aliyeota mabawa, yote manne yanalingana.

Tofauti hiyo ina gharama zake. Sisimizi anafuata sukari yako, lakini mchwa anafuata miimo ya milango na mbao za paa. Ukiona kumbikumbi wanachomoza ndani ya ukuta, si wale wa nje wanaofuata taa, mwite fundi akazigonge mbao zako mapema.

Na sisimizi nao hawafanani. Yuko mmoja mdogo sana, milimita 2 hivi, rangi ya manjano, ncha ya tumbo imekoza weusi. Anaitwa sisimizi wa Farao, jina alilopewa na Linnaeus, mtaalamu wa Sweden, mwaka 1758. Hupenda penye joto, kama nyuma ya swichi za umeme, na hospitalini huingia hata kwenye bandeji za wagonjwa. Kundi lake lina malkia wengi. Ukimpulizia dawa, waliosalia hugawanyika na kuhamia vyumba vingine; ulikuwa na kundi moja, sasa unayo matatu. Huyu hutegwa kwa chambo: sumu ya polepole ndani ya chakula anachokipenda, akibebe mwenyewe hadi kwa malkia. Chambo hicho kiwekwe mbali na watoto.

Basi, karatasi nyeupe kwanza, dukani baadaye.