Kaboni ya Msitu wa Kijiji Isomeke Hata kwa Kitochi

(Haya ni maneno niliyosema kwenye kikao cha vijana wa chama, Morogoro. Nimeyapunguza kidogo ili yasile bando lenu lote.)



Mada niliyopewa ni ndefu: teknolojia ya habari, sera za umma na uchumi wa kijani. Mada za namna hii zina hatari yake. Mtu anaweza kusimama hapa saa nzima akataja sola, droni na akili mnemba, tukapiga makofi, halafu mkulima wa Mpanda asiambulie kitu. Kwa hiyo nitazungumzia jambo moja tu: biashara ya kaboni kwenye misitu ya vijiji. Na hoja yangu ni moja: teknolojia ya kuhesabu kaboni ipo. Tunachodai ni sheria inayomlazimisha mwenye hesabu kumwonyesha mwenye msitu.

Tuanze na biashara yenyewe. Mti unapokua unafyonza hewa ukaa na kuihifadhi. Ukiukata ukachoma mkaa, hewa ile inarudi angani. Sasa kampuni ya nje inayochafua hewa inakubali kulipa ili msitu wa mahali fulani usikatwe. Kipimo ni tani ya hewa ukaa iliyozuiwa. Hakuna gunia la kuweka kwenye mizani hapa. Mnunuzi analipia takwimu.

Takwimu hiyo inapatikanaje? Wataalamu wanachukua picha za setilaiti za miaka iliyopita, wanapima miti ardhini, kisha wanakadiria msitu ungekatwa kiasi gani kama mradi usingekuwepo. Wanalinganisha na kilichokatwa kweli. Ile tofauti ndiyo mali inayokwenda sokoni. Na hapo kwenye "ungekatwa kiasi gani" ndipo penye mchezo. Ukikadiria juu kupita kiasi, unauza hewa ambayo haipo. Mnunuzi akishtuka, soko linaanguka, na aliyeacha kulima ile ardhi anabaki na msitu bila malipo.

Hili si jambo dogo kwetu. Tathmini ya misitu ya taifa iliyotolewa na TFS mwaka 2015 ilionyesha Tanzania ina hekta milioni 48.1 za misitu, na zaidi ya hekta milioni 20 kati ya hizo ziko kwenye ardhi ya vijiji. Yaani mwenye mali ni mwanakijiji, tena kwa wingi.

Na inawezekana akanufaika. Wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, vijiji 8 vinavyotunza misitu ya Ntakata vimepokea mabilioni ya shilingi za kaboni, vikajenga madarasa na zahanati. Wahadzabe wa Bonde la Yaeda, Mbulu, nao wamekuwa kwenye biashara hii kwa zaidi ya miaka 10. Kwa hiyo mtu asije akasema vijana wa upinzani wanapinga kaboni. Tunataka kaboni, ila tunataka na risiti.

Makamanda, twende kwenye sheria. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaitaka halmashauri ya kijiji isimamie ardhi kama mdhamini, yaani kwa niaba ya wanakijiji. Mkutano mkuu wa kijiji, ambao ni kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea, ndio wenye kauli ya mwisho. Sasa niambieni: mkutano mkuu utaamua nini kama haujui tani zilizouzwa, bei iliyouziwa, na mkataba unakwisha lini? Ukiambiwa gawio lako ni asilimia fulani, lakini hujui ni asilimia ya shilingi ngapi, umeambiwa nini hapo?

Mwaka 2023 vyombo vya habari viliripoti kwamba kampuni ya Blue Carbon ya Dubai imesaini hati ya makubaliano inayohusu hekta milioni 8 za misitu ya Tanzania. Hekta milioni 8, ndugu zangu! Sijaja hapa kusema makubaliano yale ni mabaya au mazuri. Nauliza swali la mwanafunzi wa sheria: jambo la ukubwa huo, mwananchi wa kawaida anatakiwa kulisomea wapi, na kwa lugha gani?

Kwenye madini tulishajibu swali hili, angalau kwenye karatasi. Sheria ya mwaka 2015 ya uwazi na uwajibikaji katika madini, mafuta na gesi asilia inataka mikataba iwekwe hadharani. Utekelezaji umekuwa wa kusuasua, lakini kanuni ipo. Kama mkataba wa dhahabu unapaswa kuonekana, kwa nini mkataba wa msitu ufungiwe kabatini?

Watatuambia ni siri ya kibiashara. Kweli, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inaruhusu taarifa fulani kuzuiwa, zikiwemo zinazogusa maslahi halali ya kibiashara. Lakini mdhamini hawezi kumficha anayemdhamini hesabu ya mali yake mwenyewe. Watasema pia wawekezaji watakimbia. Basi watazame kwa majirani. Kenya ilirekebisha Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi mwaka 2023: miradi ya ardhini inatakiwa kuipa jamii angalau asilimia 40 ya mapato baada ya kutoa gharama za uendeshaji, na kuna daftari la taifa la kaboni. Kinachofukuza mwekezaji ni mgogoro. Januari 2025 mahakama ya Isiolo ilitamka kwamba hifadhi mbili za jamii kaskazini mwa Kenya zilianzishwa kinyume cha katiba, bila ushirikishwaji wa kutosha wa wananchi. Nyanda za huko zilikuwa zimeingizwa kwenye mradi mkubwa wa kaboni. Ukiruka wananchi mwanzoni, utakutana nao mahakamani.

Sasa teknolojia inaingia wapi? Hapa hapa Morogoro, pale SUA, kuna Kituo cha Taifa cha Kufuatilia Kaboni, NCMC. Wataalamu wapo. Picha za setilaiti za Sentinel-2 zinapatikana bure, sehemu moja hupigwa takriban kila baada ya siku 5, na kila nukta ni mita 10 kwa 10. Kijana mwenye kompyuta ya kawaida anaweza kuona shamba jipya lililofyekwa katikati ya msitu. Kwa hiyo hatuombi miujiza. Tunataka sera yenye mambo matatu.

Kwanza, daftari la kaboni lililo wazi, kwa Kiswahili: jina la mradi, mipaka, mkataba wote, tani zilizohakikiwa, tani zilizouzwa, bei, na kiasi kilichofika kijijini. Liwe takwa la sheria, lisiwe hisani ya waziri.

Pili, lisomeke kwa kitochi. Mama anayenunua LUKU kwa kubonyeza nyota na reli anaweza pia kubonyeza akaona kijiji chake kimeingiziwa shilingi ngapi. Na mahali ambapo mtandao hausomi, karatasi ibandikwe kwenye ubao wa kijiji na isomwe kwenye mkutano mkuu, pamoja na mapato na matumizi mengine.

Tatu, takwimu za msitu ziwe na nakala kijijini. Askari wa misitu wa kijiji ndiye anayetembea porini na kurekodi. Haiwezekani jasho liwe lake, halafu taarifa ziishie kwenye kompyuta ya kampuni.

Haya hayasubiri tushike dola. Sheria ile ya 2016 inampa kila raia haki ya kuomba taarifa, na ofisi inapaswa kujibu ndani ya siku 30. Kila tawi lenye kijiji cha kaboni jirani liandike barua moja: tunaomba mkataba, tani na malipo. Barua iwe na tarehe, igongwe muhuri wa kupokelewa, nakala ibaki kwenu. Mkinyimwa, ombeni mapitio, na mtutumie majibu. Nyie wa kompyuta, kaeni na vijana wa vijiji hivyo muwafundishe kusoma zile picha. Nyie wa sheria mwenzangu, tukae tuandike rasimu ya muswada ambayo wabunge wetu wataishika mkononi.

Kijiji kikijua hesabu, kitalinda msitu bila kusukumwa na mtu. Kisipojua, siku bei ya mkaa ikipanda, mkataba hautazuia panga.

Barua ya kwanza iende wiki hii.