Mapenzi Yaliyofungiwa Kifuani

Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Ahali zake na Masahaba wake. Amma baad.

Ndugu zetu katika imani, katika Suratur-Ruum (30:21) Allah (s.w.) ametaja mambo mawili aliyoyatia baina ya wanandoa, nayo ni mawadda na rahma, yaani mapenzi na huruma. Akayahesabu kuwa ni katika ishara Zake. Neno rahma lina asili moja na rahim, tumbo la uzazi, mahali anapotunzwa mwanadamu kabla hajaweza kumlipa yeyote chochote. Basi mapenzi si udhaifu. Ni ishara, na ishara huwekwa ili ionekane.

Abu Huraira (r.a.) amesimulia kuwa Mtume (s.a.w.) alimbusu mjukuu wake Hasan bin Ali mbele ya Al-Aqra bin Habis. Al-Aqra akasema kuwa yeye ana watoto kumi na hajapata kumbusu hata mmoja. Mtume (s.a.w.) akamtazama, akamjulisha kuwa asiyehurumia hahurumiwi (Bukhari na Muslim). Tuzingatie: Al-Aqra hakusema kuwa hawapendi wanawe. Huenda aliwapenda mno. Lakini mapenzi yaliyofungiwa kifuani, mtoto atayajuaje?

Hapa sisi walimu wa madrasa tuna la kujibu. Ni mara ngapi mtoto amekosea aya moja, tukanyanyua fimbo kabla ya kumsomesha tena? Tulisema tunamlea, ilhali tulikuwa tumechoka au tumeghadhibika. Wapo tuliowahifadhisha juzuu nzima, na leo wanapita mbele ya msikiti bila kuingia. Tusiilaumu dunia peke yake. Tujiulize walionja nini walipokuwa mikononi mwetu. Anas bin Malik (r.a.) alimtumikia Mtume (s.a.w.) miaka kumi, na ameshuhudia kuwa hakuambiwa hata "uff". Ni mwanafunzi gani atakayetushuhudia hivyo?

Atakayesema kuwa huruma huharibu adabu, na amkumbuke Umar bin Abi Salama (r.a.). Alikuwa kijana mdogo, mkono wake ukizunguka sahanini. Mtume (s.a.w.) alimwelekeza kwa upole ataje jina la Allah, ale kwa mkono wa kulia, na ale kilicho mbele yake. Hakupigwa wala hakufedheheshwa, na adabu ile akadumu nayo.

Nanyi kina baba, chakula na ada ya masomo ni wajibu wenu, na Allah atakulipeni. Lakini mtoto asiyeijua sauti ya baba yake ila kwa amri na karipio, ataitafuta sauti laini kwingineko, na si kila sauti laini humwita kwenye kheri. Tukirejea majumbani baada ya Isha, tukae nao, tuwaulize hali zao, tuwaambie kuwa tunawapenda.

Tunamuomba Allah (s.w.) atusamehe tuliyowakosea watoto wetu, na azilainishe nyoyo zetu kabla hawajatuhama. Amin.

Wabillahi tawfiiq.