Bei ya Ndege Iliyo Bado Karatasini



Nimeombwa nieleze jinsi wahandisi wanavyokisia gharama ya kuunda ndege ambayo bado haijachongwa hata kipande chake kimoja. Wapo wanaodhani kazi hiyo ni ramli. Mwanzoni mwa usanifu hakuna orodha ya vipuri, kwa hiyo mkadiriaji hushika mambo makuu matatu: uzito wa ndege ikiwa tupu, mwendo wake, na idadi ya ndege zitakazoundwa. Huyalinganisha na ya ndege zilizokwisha kuundwa, akapata saa za kazi na fedha zitakazohitajika.

Uzito na mwendo mhandisi aweza kuvitetea. Idadi ndiyo yenye matata. Mwaka 1936 Mmarekani T. P. Wright alionyesha kwamba kila idadi inapoongezeka maradufu, wastani wa kazi kwa ndege moja hushuka kufikia kiasi cha asilimia 80 ya ule wa awali, maana mafundi wamekwisha zoea. Tuseme ndege ya kwanza imekula saa 100,000. Zikiundwa mbili, wastani ni saa 80,000. Nne, saa 64,000. Nane, saa 51,200. (Walimu wa hesabu waliomo humu watanisamehe kwa kurahisisha.) Gharama ya usanifu na majaribio nayo hugawanywa kwa idadi hiyo hiyo. Basi bei yote imeegemea wanunuzi, nao hawamo katika mchoro wowote.

Tazameni Concorde. Uingereza na Ufaransa zilipotia sahihi mkataba Novemba 1962, makisio ya kuisanifu yalikuwa kati ya pauni milioni 150 na 170. Gharama ilipita pauni bilioni moja. Kupanda kwa bei za vitu kulichangia, lakini pia ndege ya abiria ya kwenda mara mbili ya mwendo wa sauti haikuwa na mwenzake wa kulinganishwa naye. Mashirika yalikuwa yameweka nafasi za kununua zaidi ya 70. Januari 1973 Pan American na TWA zikajitoa, na mengine yakafuata. Zikaundwa 20 kwa jumla, na 14 tu ndizo zilizoingia katika usafiri wa abiria.

Kwa hiyo afisa anayeletewa makisio ya namna hii aulize kwanza: idadi ikiwa nusu, bei itakuwaje? Kwa hesabu ya Wright, wastani wa kazi utapanda kwa robo, na mzigo wa usanifu kwa kila ndege utakuwa maradufu.