Utii Si Utumwa

Somo letu asubuhi hii ni Waebrania 13:17, ambapo tunafundishwa kuwatii wanaotuongoza, kwa kuwa wao hukesha kwa ajili ya roho zetu, nao watatoa hesabu.

Nianze kwa kuungama. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa kasisi wa parishi moja huku Nyeri, upande wa mashamba ya chai. Tulikuwa tumejenga kanisa la mawe, kuta zimekwisha, bado mabati. Ndipo ikaja barua ya uhamisho: niwe nimeondoka kabla ya mwisho wa mwezi. Mke wangu aliniona nimesimama mlangoni, akauliza, "Baba Wanjiru, kuna nini?" Nikamjibu kwa hasira, "Mimi si mtumwa wa mtu!" Usiku ule wazee wa kanisa wakaja. Wakaniambia, "Kasisi, kataa. Sisi tutasimama nawe." Kumbe shetani hubisha hodi hata kwa sauti ya rafiki. Kama ningekubali, leo pale pangekuwa na makanisa mawili yasiyosalimiana.

Aliyenikemea ni mtu aliyefariki zamani, tena aliyeujua utumwa wenyewe. Jina lake William Jones, Myao. Aliuzwa akiwa mtoto, akakombolewa, akasomeshwa Bara Hindi, kisha akaja kulitumikia kanisa huko Rabai, karibu na Mombasa. Mwaka 1885 Askofu James Hannington alimweka kuwa shemasi, na mwaka ule ule wakafunga safari ya Uganda kupitia nchi ya Wamasai. Walipofika Kwa Sundu, mahali tunapopaita Mumias, Askofu alichukua watu 50 akatangulia. Jones alimwacha nyuma na sehemu kubwa ya msafara. Jones akakaa pale alipowekwa, akingoja. Mwezi wa Oktoba Askofu akauawa Busoga kwa amri ya Kabaka Mwanga. Habari zilipofika, Jones aliwakusanya watu wake, akawaongoza njia yote kurudi. Waliingia Rabai Februari 1886, wakiwa na bendera iliyoandikwa Ikabodi, yaani utukufu umeondoka.

Ndugu zangu, hakuna aliyemfunga Jones mnyororo. Askofu wake alikuwa amekufa, nani angemwuliza? Lakini alitimiza kazi aliyokabidhiwa mpaka mwisho. Mtumwa hutii kwa kuogopa kiboko. Mtu huru hutii kwa sababu ametoa neno lake mbele za Mungu.

Utii huu Jones hakuuzua. Kanisa liliuweka tangu kale. Mwaka 669 alifika Canterbury, Uingereza, Askofu Mkuu Theodore, mzaliwa wa Tarso, mji wa Mtume Paulo. Baadaye, katika mkutano wa Hertford, yeye na maaskofu wenzake walikata shauri kwamba kasisi asimwache askofu wake na kutangatanga, wala asipokelewe mahali pengine bila barua. Lakini angalieni: mkutano ule ule ulimfunga askofu naye. Alikatazwa kuingilia dayosisi ya mwenzake. Wote walikuwa chini ya sheria moja.

Theodore huyo alimkuta askofu mmoja, Chad, ambaye kuwekwa kwake wakfu kulikuwa na kasoro. Alipoambiwa, Chad hakutafuta watu wa kumtetea. Alijibu kwamba hakujiona kamwe kuwa anastahili; aliukubali uaskofu kwa utii tu, na yuko tayari kuuacha. Theodore akaguswa na unyenyekevu wake, akairekebisha ile kasoro, kisha akampa dayosisi nyingine. Chad alizoea kwenda kwa miguu kuhubiri. Theodore akamwamuru apande farasi kwa safari za mbali. Chad aliposita, mkuu yule wa kanisa alimwinua kwa mikono yake mwenyewe akampandisha. Mambo haya aliyaandika Beda, mwanahistoria wa kanisa. Hivyo ndivyo mamlaka ya Kikristo yalivyo: mmoja anashuka kwa hiari, na mwingine anamwinua.

Basi je, kasisi atii kila neno? La. Kiapo chetu siku ya kuwekwa kina mpaka: tunaahidi kutii katika yaliyo halali na ya haki. Askofu akiamuru dhambi, Mungu ndiye wa kutiiwa. Lakini uhamisho si dhambi, wala kuumia kwangu hakukuufanya kuwa dhambi.

Nilimwendea askofu wangu, nikamweleza uchungu wangu bila kuficha. Alinisikiliza, tukaomba. Barua haikubadilika. Nikahama. Kanisa lile liliezekwa na mwenzangu, nami siku ya kufunguliwa niliketi kati ya wageni. Nilipotazama juu nikayaona mabati yanang'aa, nilifahamu kwamba nyumba ile haikuwa yangu hata siku moja.

Mzee wa kanisa unayenisikia, kasisi wako akihamishwa, usimshike kanzu. Msaidie kufunga mizigo. Na wewe uliye na watu chini yako, ofisini, shuleni au nyumbani, jiulize leo: je, mkono wako unamwinua mtu?

Tuombe. Bwana Yesu, uliyemtii Baba hata msalabani, utufundishe kutii tukiwa watu huru, na kuongoza tukiwa watumishi. Amina.