Picha Bila Jibu: Akili Mnemba na Uchunguzi wa Saratani ya Mlango wa Kizazi katika Vituo vya Pembezoni

(Mada iliyotolewa katika semina ya watoa huduma za afya, Dumila, Wilaya ya Kilosa)

Mliniagiza nieleze namna mashine inavyofundishwa kutambua saratani kwenye picha. Sehemu hiyo nitaipita haraka. Mashine hulishwa maelfu ya picha, kila picha na jibu lake. Inakisia, inasahihishwa, inarekebisha hesabu zake, hadi iletewe picha ambayo haijawahi kuiona na iitambue. Sweden walichapisha mwaka 2023 matokeo ya wanawake zaidi ya 80,000 waliopigwa picha za matiti: kazi ya madaktari ya kusoma picha ilipungua kwa asilimia 44, na saratani zilizogunduliwa hazikupungua.

Kwetu mzigo mkubwa ni mlango wa kizazi. Mwaka 2020 Tanzania ilikadiriwa kuwa na wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 wa saratani hii, na vifo zaidi ya 6,500. Chanjo kwa wasichana ilianza nchi nzima mwaka 2018, lakini mama zao haikuwafikia. Hao tunawapaka siki, tunasubiri dakika moja, tunatafuta weupe. Wenzetu wa Kilimanjaro walishajaribu kupiga picha kwa simu janja na kuzituma kwa bingwa azipitie. Hatua inayofuata ni mashine yenyewe kuipitia picha.

Mifano miwili inatosha. Mwaka 2019 watafiti wa Marekani walifundisha mashine kwa picha za wanawake zaidi ya 9,000 wa Guanacaste, Costa Rica, na mashine ikawapita wasomaji waliobobea. Picha zile zilikuwa za kamera maalumu ya filamu, za miaka ya 1990. Zilipokuja za simu, zenye ute, kivuli na mng'ao wa tochi, kazi ilibidi ianze karibu upya. Mfano wa pili uko pwani ya jirani zetu Kenya, Kinondo, Kwale. Kati ya 2018 na 2019 wanawake 740 wanaoishi na VVU walipimwa, vioo vya sampuli zao za mlango wa kizazi vikageuzwa picha na kutumwa kwa mtandao wa simu. Kila kioo ambacho wataalamu walikiona kina mabadiliko makubwa, mashine nayo haikukiita salama.

Kinondo walifanikiwa kwa sababu kila picha ilikuwa na jibu la mtaalamu aliyekisoma kioo kile kile. Hilo ndilo sisi hatuna, na ndilo nimelipigania kwa miaka.

Dumila ni njia panda. Mama anashuka leo kutoka upande wa Gairo, kesho yuko shambani Magole kwa kibarua, msimu ukiisha amehama. Jina analotupa kwenye rejesta ni la ubini. Kwenye fomu ya rufaa ni la mume. Kijijini anaitwa Mama Fulani. Namba ya simu ni ya jirani. Kinyama cha kupimwa maabara tunakichukua, tunakitia kwenye fomalini, chupa inapanda basi. Niliwahi kurudishiwa chupa kutoka maabara moja ikiwa imevuja njiani. Plasta yenye jina ilikuwa bado imeganda, ila wino ulikuwa umeyeyuka wote, limebaki doa la bluu. Kinyama kilikuwa kizima. Kilikuwa cha nani?

Mhusika alikuwa mkulima wa vitunguu, akija kila siku ya gulio.

"Dada nesi, majibu yangu?"

"Bado hayajarudi, mama."

Tulilisema hilo mara nne. Mara ya tano hakuja.

Simlaumu mtu wala taasisi; kila ngazi ina uhaba wake. Lakini nimeandika barua, nimehudhuria vikao, na jambo limebaki pale pale: jibu likitoka linaingia kwenye jalada la hospitali ya rufaa, picha inabaki kwenye kishikwambi cha kituo, na hakuna aliyepewa kazi ya kuvikutanisha. Mashine tukiifundisha kwa siki peke yake, tunaifundisha mashaka yetu. Tukiifundisha kwa majibu machache yanayorudi, itawajua wanawake wa kando ya lami, wenye nauli na simu. Yule wa porini, ambaye ndiye tulimtafutia mashine, haitamwelewa.

Napendekeza, kwa heshima, yafuatayo. Mteja apewe namba moja, nayo iandikwe kwenye rejesta, kwenye picha, kwenye fomu ya rufaa na kwenye chupa. Kila jibu litoke nakala mbili, moja irudi kituoni. Kila kituo kiteue mtu mmoja wa kufuatilia majibu, kwa jina, na apewe vocha na nauli ya bodaboda. Halmashauri itenge fedha ya kusafirisha vifurushi, na mpango wa masika uwepo; Januari 2014 mafuriko yalipoikata barabara kuu hapa, hakuna kilichopita. Picha zisitumwe kwenye makundi ya WhatsApp. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatubana, na mama aombwe ridhaa kwa lugha anayoielewa. Kipimo cha kirusi cha HPV, ambacho Shirika la Afya Duniani limekipa kipaumbele tangu 2021, kikifika kitumie namba ile ile. Anayestahili tiba mgando atibiwe siku hiyo hiyo, asirudishwe nyumbani kusubiri mashine. Mtu yeyote akija na programu ya kujaribu hapa, aulizwe kwanza imefundishwa kwa picha za wapi na nani alizithibitisha. Na narudia, namba iwe moja.

Kuhusu lebo hatuhitaji kibali cha yeyote. Iandikwe kwa penseli kwenye kipande cha karatasi ngumu na itumbukizwe ndani ya chupa. Fomalini haifuti penseli. Nimekuja na katoni moja ya penseli, iko hapo mlangoni. Kila kituo kichukue dazeni kabla ya kuondoka, na kisaini.